Sweta ya Chumba cha Seva

Mimi nina mdomo, najua. Mama anasema nilizaliwa nikilalamika. Lakini siku mkurugenzi aliponiambia kwamba baba yangu ameifungia kampuni mlango kwa makusudi, nililimeza tusi langu, na hilo halijawahi kunitokea.

Kampuni yetu inasambaza dawa kwa hospitali. Kila boksi linaloingia au kutoka ghalani linapita kwenye seva moja, limashine jeusi lenye kimo cha friji ya nyumbani. Si dude kubwa la benki, si kikompyuta cha mezani, ni la kati, la biashara kama yetu. Baba alilitunza tangu niko shule ya msingi, na alikuwa akiliita Bibi. "Bibi kaamkaje?" aliwauliza wa kazini kwa simu kila asubuhi kabla hata hajamjulia hali mama, na mama alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, "Mke mwenzangu mzima, mimi ndiye mgongo unaniuma!"

Alipostaafu mwaka jana, Bibi nikakabidhiwa mimi. Baba alinifundisha kazi hii kama watoto wengine wanavyofundishwa adabu. Mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo, hata kama mlilia mkimuaga. Nakala za akiba za kila usiku usiridhike kwamba zimeandikwa, zirudishe kwenye mashine ya majaribio uone kama zinafunguka. Na ile akaunti kuu, inayoweza kila kitu, haifunguliwi popote ila kwenye skrini iliyo ndani ya chumba cha seva. Paswedi yake anaijua mtu mmoja tu, na ya akiba inakaa kwenye bahasha iliyogundishwa, ndani ya sefu. Kwa kazi za kila siku, tumia akaunti yako ndogo. Nami nilitii, nikatumia akaunti yangu ndogo mwaka mzima.

Mwezi uliopita diski moja ikawasha taa ya njano, dalili kwamba inakaribia kufa. Kubadilisha diski kunataka akaunti kuu. Nikaifungua bahasha kwa mbwembwe, nikaandika yaliyomo, Bibi akanikatalia. Ilikuwa paswedi ya zamani. Baba aliibadilisha kabla ya kuondoka, kama inavyotakiwa, halafu hakuweka bahasha mpya. Baba! Mtu aliyekuwa akigombeza watu kwa kuacha mlango wazi wakienda kunywa maji!

Hapo ndipo nilipojua kwamba kusahau kwake kulianza zamani, kabla sisi wa nyumbani hatujakuona. Sasa ugonjwa umemkolea. Anatia sukari kwenye chai mara mbili, na mimi ananiita dada, akidhani ni dada yake aliyefariki. Nilikuwa namsahihisha. Nimeacha, nikiitwa naitika.

"Amesahau," nilimwambia mkurugenzi.

"Aliyesahau anasahau vyote. Huyu alikumbuka kubadilisha." Akafunga faili lake. "Nitaita watu wa nje waje wavunje. Na bodi nitaiambia ukweli, kwamba mzee aliondoka na paswedi yetu."

Mtu aliyeacha ujana wake wote ndani ya chumba kile! Nilitamani nimtukane. Badala yake nikamwomba aniruhusu nimlete baba mwenyewe. Bibi anavumilia makosa mawili, la tatu akaunti inajifunga kabisa. Mimi na bahasha yangu tulishatumia moja.

Mama alimpigia baba pasi shati jeupe, akamchana nywele. "Usimkimbize," akaniambia mlangoni. "Ukimkimbiza anapotea."

Kwenye chumba cha seva tulimkalisha kwenye kiti mbele ya skrini. Mkurugenzi alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Haya mzee, paswedi ni ipi?"

"Ninayo," baba alisema, akagusa paji la uso. "Iko hapa. Iko hapahapa."

Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akitafuta kila herufi. Bibi akakataa. Kosa la pili. Baba akanigeukia, uso umemshuka kwa aibu. "Nimekuharibia, dada?"

Jamani. Hujawahi kuona baba yako akikuomba radhi kwa uso ule, na nakuombea usione.

"Hujaharibu kitu," nilisema. Kisha nikamwambia mkurugenzi, "Inatosha. Andika unachotaka. Sitamwacha akosee la tatu, aifunge akaunti kwa mkono wake mwenyewe."

Nikamshika baba mkono nimtoe. Mkono ulikuwa wa baridi, kwa sababu kile chumba kiyoyozi hakizimwi. Nyuma ya mlango ilikuwa bado inaning'inia sweta yake ya kahawia iliyochakaa viwiko, ambayo sikuwahi kuwa na moyo wa kuiondoa. Nikamvalisha asije akapata mafua, basi, sikuwa na lengo lingine.

Akaikunja ile mikono ya sweta mpaka kwenye kiwiko, mmoja, halafu wa pili, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Akakitazama kiti akakunja uso.

"Nani kaleta kiti humu? Anayekaa humu atasinzia." Akakisukuma pembeni kwa goti, akasimama mbele ya skrini. Vidole vyote vikakaa kwenye kibodi. Halafu akatukazia macho. "Nyie vipi? Mtu akiandika paswedi, wengine wanaangalia wapi?"

"Ukutani, baba."

"Basi geukeni. Na wewe mheshimiwa, usijifanye husikii."

Mkurugenzi akageuka. Tukasimama bega kwa bega tukitazama rangi ya ukuta. Nilimsikia baba akiandika, haraka, bila kusita hata mara moja.

"Haya. Bibi kaamka. Na taa ya njano mmeiona mkaiacha tu?"

Mkurugenzi alikohoa. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mzee," akasema, "bodi nitaiambia ulikuja kukabidhi."

"Sasa nilikuja kufanya nini kingine?" baba akamjibu.

Nilikimbilia kwenye diski, baba akanishika bega. "Kwanza paswedi. Mimi si wa hapa tena, na nimeingia. Badilisha sasa hivi."

"Tutabadilisha baadaye, baba."

"Siku hiyohiyo. Nilikufundisha nini?"

Alinifundisha hata kama mtalia. Kisha yeye mwenyewe, bila kuambiwa, akageukia ukuta. Akasimama pale, pua karibu na rangi, mikono nyuma, mgongo umepinda ndani ya sweta ile. Nikaandika paswedi mpya machozi yakidondokea kibodi, nikairudia kama mashine ilivyotaka, nikakosea, nikairudia tena.

"Umebadilisha?"

"Ndiyo, baba."

"Na bahasha?"

"Naiandika. Naigundisha. Hii hapa."

"Kwa hiyo mimi siwezi kuingia tena."

"Huwezi, baba."

"Vizuri." Alikuwa bado anatazama ukuta. "Nikikuomba, usinipe. Nikikasirika, usinipe. Hata nikilia."

"Sitakupa."

Ndipo akageuka. Aliniangalia kwa muda, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, na mimi nikasubiri aniite dada, niitike. Akaanza kuvua sweta. Ilimkwama kichwani, nikamsaidia. Akaikung'uta, akanivalisha mimi.

"Humu kuna baridi, mwanangu," alisema.

Ilikuwa kubwa. Nikaikunja mikono mpaka kwenye kiwiko, nikaenda kubadilisha diski.