Chini ya Dirisha la Mwanakondoo

Nyumbani kwangu New Hope, huku ughaibuni, hakuna Jumapili isiyo na watu, na chai ikishakolea hakuna habari isiyotufikia. Ndivyo tulivyolipata kanisa la Nkirote. Valentina, msusi wetu, alikuwa ametoka harusini huko Blaine, akawa anatuonyesha picha kwenye simu: bibi harusi, keki, na nyuma yao kikanisa cheupe cha mbao chenye picha ya mwanakondoo kwenye kioo cha dirisha. Muriuki akaweka kikombe chini. Akasema ndilo.

Sebule nzima ilijua maana yake. Kabla ya kumpata binti yake Lois, Nkirote alimzaa Kendi, na Kendi akafa siku hiyohiyo. Kwa desturi aliyolelewa nayo, mama hafuati maziko ya mtoto mchanga. Basi wanawake walibaki naye nyumbani, mumewe Jotham akaenda kuzika na rafiki yake Muriuki, kwenye kikanisa cha mashambani huko ng'ambo ya Maple Grove. Jotham hakuwahi kuisimulia siku ile, na Nkirote hakuuliza. Sasa Jotham mwenyewe amelala Meru, tulichanga tukamsafirisha. Nkirote naye alikuwa anarudi nyumbani kabisa, na hakutaka kupanda ndege kabla ya kumuaga mtoto. Muriuki alikuwa ameizunguka Maple Grove mpaka akachoka, asione ila maduka na nyumba mpya.

Tulimcheka. Nilimwambia, "Shemeji, wewe hata kwangu ulipotea mara ya kwanza, na nilikuwa nimesimama barabarani nikikupungia."

Tukaenda Blaine kwa magari mawili. Muriuki alipitiliza hadi nyuma ya kanisa, akasimama chini ya dirisha. "Alikuwa hapa," akasema. Nkirote akatandika leso kwenye nyasi, akapiga magoti, akaanza kuongea na mwanawe kwa Kimeru, polepole, kama anayembembeleza alale.

Mlinzi wa pale, mzee mmoja aitwaye Allan, alinijia akiwa ameshika kofia mkononi, akaninong'oneza. Hapa hajazikwa mtu. Waumini walipokwisha na shamba likauzwa, kanisa lilinyanyuliwa zima zima huko Maple Grove, likapakiwa kwenye lori, likaletwa hapa kwa ajili ya harusi. Makaburi yenye mawe yalihamishwa. Yasiyo na jiwe hakuna aliyejua yalipo, na juu yake watu wamejenga.

Ikanibidi mimi, mwenye mdomo, nimwambie.

Nkirote hakuinuka. Alimtazama Muriuki tu, akangoja.

"Jotham alitaka kuweka jiwe," Muriuki akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asijisumbue, kanisa litakuwa alama yake. Kwetu nani amewahi kuona kanisa likihama, dada?"

Akasema twende Maple Grove sasa hivi, atakisia, pengine atapatambua. Nkirote akatikisa kichwa.

"Usinionyeshe mahali usipopajua. Nieleze ile siku."

Muriuki akaketi kwenye nyasi na suruali yake ya kanisani, akamweleza. Jotham alilipakata sanduku njia nzima. Alikataa liwekwe kwenye buti. Theluji ilikuwa inaanguka. Mchungaji aliomba kwa Kiingereza, halafu Jotham akaomba tena kwa Kimeru, ili mtoto aelewe. Walipofika kwenye kulishusha, alivua koti lake, akalifunga nalo sanduku, akarudi garini na shati.

"Koti la kijivu?" Nkirote akauliza.

"Hilohilo."

"Aliniambia liliibwa kazini. Nilimgombeza mpaka baridi ikaisha."

Akaivuta leso, akajifunika uso. Muriuki aliunyoosha mkono, akaurudisha.

Magari ya harusi nyingine yalikuwa yameanza kuingia, yenye maua na maputo. Niliwakimbilia langoni, nikasimama mbele ya gari la kwanza, nikawaomba wangoje kidogo, kuna mama hajamaliza kumuaga mtoto wake.