Filtre Yenye Ndahiro Alikuwa Anaosha

Ndahiro alikuwa amechoka, na si uchovu ya siku moja, hapana. Ni ile inaingiaka mu mifupa, ukilala unaamka nayo. Maisha yote alibebaka maziwa na pikapu yake, kutoka Luvungi mupaka Uvira. Sasa alitaka kitu moja tu: kupatia binti yake Akaliza ufunguo, yeye apumuzike.

Lakini motere ya ile pikapu ilikuwa imeanza kugonga, kok-kok-kok. Akaipeleka kwanza kwa rafiki yake Basile, fundi wa magari pale Songo, mu Uvira. Juu kama motere imekufa, Akaliza atarithi nini? Mabati?

Basile akafungua filtre ya mafuta ya motere, ile kopo ya kuchuja uchafu, ya kuzungusha na mukono, akaikata na musumeno. Karatasi ya ndani ilikuwa nyeusi, imeshikamana sawa bugali ya jana.

"Muzee, hii ulinunua lini?"

"Kununua? Minye ninaioshaka na esansi, ile petroli, ninaianika, ninairudisha."

Basile akacheka mupaka akakaa chini. "Weye mutu wa maziwa weye! Hii ni kibuyu ya maziwa, uisukutue?"

"Usinicheke. Taa ya mafuta pale mbele ya usukani haijawaka hata mara moja!"

"Ingewaka namna gani?" Basile akamuonesha kachuma kadogo ndani ya kopo, na resori yake ya kukisukuma kijifunge. "Hii ni klape, kamulango ka mafuta. Si unajua bariyeri? Magari ikijaa sana, wanainua muti, wote wanapita bila kukaguliwa. Ni vile. Karatasi ikiziba, mafuta inasukuma, resori inakubali, klape inafunguka. Mafuta inapita na uchafu yake yote. Taa inasikia mafuta imefika, inanyamaza. Haiulizake kama ni safi."

"Basi klape ndiyo imeniua."

"Aa, usiitukane. Bila yeye motere ingekauka ukiwa ku njia, ingekufa palepale. Afazali mafuta chafu kuliko kukosa. Lakini ile uchafu imekula ndani." Akachovya kidole mu mafuta. Vichembe vya chuma vilikuwa vinang'aa. "Kufungua motere yote, inaweza kupona. Kuiwasha tena hivi, utaizika."

Ndahiro aliwaza: nikimupatia Akaliza ufunguo bila kusema kitu? Motere ife mu mikono yake, watu waseme mutoto mwanamuke hajui kuendesha. Wazo ile ilipita mbio, lakini iliacha aibu. Akamuita Akaliza ku telefone.

Binti akakuja. Ndahiro akamuelezea yote, hata ile ya kibuyu.

"Ee Baba! Kumbe hata filtre uliosha!" Akacheka sana, kiisha akaacha, juu aliona macho ya baba yake. "Lete ufunguo."

"Motere ni mugonjwa, mwanangu. Ni minye nimeigonjesha."

"Nimesikia. Nitaiuguza. Weye tafuta mahali ukae."

Akakunja mikono ya shati, akauliza Basile waanzie wapi. Ndahiro akapanda ku kiti ya abiria, kiti yenye hajawahi kukaa tangu anunue ile gari. Kiti iliinama kidogo upande. Basile akapiga nyundo ya kwanza, chuma ikalia, kuku ya jirani ikakimbia.

Muzee hakusikia. Alikuwa ameshalala.