Uso wa Duka

Hakuwa na mkataba wa kazi. Hakuwa na kiti, maana wauzaji wa duka lile la vipodozi walisimama tangu kufungua hadi kufunga. Hakuwa na mume karibu. Alikuwa na sauti ya mume kwenye simu, mara moja kwa juma, kutoka mgodini. Hakuwa na mama wa kumuuliza mambo ya mimba, wala shangazi. Hakuwa na viatu vya kumtosha tangu miguu ivimbe. Kitu pekee alichokuwa nacho ambacho watu walikitaka kilikuwa uso. Kwa ajili ya uso huo aliajiriwa, na kwa ajili ya uso huo walimwita Sura.

Kazi yake ilikuwa rahisi. Mteja aliingia, akamtazama, akauliza, "Dada, wewe unapaka nini?" Naye akanyanyua kopo lisilo na jina na kusema, "Hii hii." Basi.

Mwezi wa tano wa mimba, uso ukaanza kumsaliti. Doa lilitokea juu ya mdomo, likawa kama sharubu. Mengine mawili yakatanda mashavuni, kisha kwenye paji, mpaka asubuhi moja alipojitazama kwenye kioo cha duka aliona mtu mwingine akimchungulia kutoka ndani ya ngozi yake.

"Shoga, jiko limekulipukia?" akauliza mteja mmoja. Wenzake wakaangua kicheko, wakatoka bila kununua kitu.

Mwenye duka, ambaye wote walimwita Madam, alimshika kidevu akamgeuza huku na huku.

"Mwanangu, ukinisimamia hapo na uso huu nitauza nini, mkaa? Chukua krimu upake. Asubuhi na jioni, usinionee haya."

Akapaka wiki mbili. Ulikuwa mkorogo wa kuchanganywa stoo, ndani ya ndoo, na ulichoma kama pilipili.

Nesi wa kliniki ya wajawazito alikuwa na foleni ya wanawake arobaini na kalamu moja. Alimwinua uso kuelekea dirishani.

"Haya madoa ni ya mimba, hayana neno. Mengi hufifia ukishajifungua. Jikinge na jua, vaa kofia, osha kwa sabuni isiyo kali, paka mafuta mepesi yasiyo na manukato. Lakini mkorogo, mama, acha leo. Mle mna zebaki. Inapita kwenye ngozi, inamfuata mtoto huko aliko."

"Nimeacha, nesi."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Nesi akacheka, akaandika. "Anayefuata!"

Na kweli aliacha. Madam alipoona madoa hayaondoki, hakumfukuza. Alimhamishia stoo, mahali ambapo uso hauna kazi. Sura akaona amebahatika. Huko alichota krimu kutoka kwenye ndoo, akajaza makopo, na kila kopo alilimalizia kwa kidole gumba kitupu, akikizungusha mara moja, ili juu pabaki mviringo kama waridi. Kijiko kiliacha michirizi, na glavu iliuvuruga mviringo. Wateja walilitafuta waridi lile. Kwao ndilo lililothibitisha kwamba kopo halijaguswa na mtu. Makopo mia mbili kwa siku. Jioni alinawa uso mara tatu kwa sabuni isiyo kali, akamwambia mtoto, "Mama yako ameacha."

Mtoto alimjibu kwa teke.

Siku ya kwanza ya stoo alipewa aproni. Alidhani haitamfunga, lakini ilimkaa sawasawa. Ubavuni palikuwa pameongezwa kipande cha kitambaa, kimeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa rangi nyingine.

"Nani aliipanua?" akamuuliza mchanganyaji, mwanamume wa makamo aliyekuwa akikoroga ndoo kwa ufito.

"Aliyekuwepo kabla yako."

"Alijifungua?"

"Alikwenda kujifungua."

"Nimekuuliza, alijifungua?"

"Na mimi nimekujibu, dada."

Tangu hapo alihisi hafanyi kazi peke yake. Ule mshono ulimgusa mbavuni kama vidole vya mtu aliyesimama nyuma yake, akimhesabia miezi. Mikono ikaanza kumgeuka. Vidole vikawa vyeupe vya kuogofya, kucha zikaingia ukijivu, na alipovilaza mezani vilitetemeka vyenyewe, kana kwamba si yeye aliyevileta pale.

Mwezi wa saba, nesi alimshika mkono kutafuta mshipa, akauachia.

"Mikono hii imefanya nini?"

"Kazi tu."

"Kazi gani?"

Alipoeleza, nesi aliweka kalamu chini. Nje foleni ilinung'unika.

"Mimi nilikuuliza uso," nesi akasema taratibu. "Uso tu."

Akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kuu, akapimwe damu na mtoto aangaliwe. Papo hapo akaipigia simu ofisi inayokagua vipodozi.

Hospitali kuu ilikuwa mbali, na mfanyakazi asiyeaga hukuta nafasi yake imejazwa. Kwa hiyo kesho yake asubuhi Sura alipita dukani kwanza. Ofisini alimkuta Madam na mkaguzi kutoka ofisi ile ya vipodozi, soda baridi katikati yao.

"Madam, naomba ruhusa. Mtoto hajacheza tangu jana jioni."

"Utakwenda, mwanangu, tena kwa gari langu, mpaka mlangoni. Kwanza tumalize haka kakaratasi."

Mkaguzi akamsogezea kalamu. "Uandike kwa mkono wako, mimi nitakutajia. Kuandika unajua?"

"Najua."

"Safi. 'Nimetumia bidhaa hizi kipindi chote cha ujauzito bila kupata madhara.'"

"Kaka, mimi nilipaka wiki mbili tu. Halafu hii mikono..."

"Kaka yako nani?" Madam akadakia, akitabasamu. "Sema mheshimiwa."

"Mheshimiwa, barua inakwenda kwa nani?"

"Kwangu."

Madam akacheka mpaka akashika meza. Sura alitazama dirishani. Gari lilikuwepo, dereva akilipangusa kioo. Aliweka kiganja tumboni, akabonyeza. Akasubiri. Kisha akaandika.

"Mwisho hapo ongeza 'kwa hiari yangu'," alisema mkaguzi.

Akaongeza. Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akaiinua mdomoni ailambe gundi.

"Usilambe!" Madam aliruka kitini. "Na vidole hivyo? Utajidhuru, mtoto wewe! Tumia maji."

Akaifunga kwa maji. Mkaguzi hakunyoosha mkono kuipokea. Alifungua mkoba wake. "Itumbukize mwenyewe. Lazima ipitie posta, igongwe mihuri."

Madam akamsindikiza mkaguzi nje, akamfungulia mlango wa gari. Sura aliwafuata na karatasi ya nesi.

"Madam, gari..."

"Linampeleka mheshimiwa posta. Likirudi ni lako."

Gari likaondoka na barua. Alisimama kando ya barabara, kiganja tumboni, akibonyeza hapa, akibonyeza pale, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama wenyewe wamo.