Waliaga Wanakwenda Marangu

Prosper Mlay alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na karakana yake ilikuwa mtaa wa Daraja Mbili, Arusha. Mwezi wa kumi na moja mashine yake iliungua. Fundi umeme aliifungua, akanusa nyaya, akasema kuisuka upya ni laki nne na nusu. Prosper hakuwa nazo. Wateja waliotaka kuhamia kwenye nyumba zao kabla ya Krismasi wakapeleka kazi kwa mafundi wengine. Kufikia katikati ya Desemba alikuwa na elfu themanini mfukoni, na Rachel, binti yake mkubwa, alitakiwa kuripoti kidato cha kwanza Januari, shule ya bweni.

Lakini kilichomkosesha raha zaidi kilikuwa Marangu, kijijini kwao. Kila Desemba walipanda nyumbani kama Wachaga wengine wa Arusha, na mwaka huu ilikuwa zamu yake kununua mbuzi wa familia. Kaka yake, Hans, alishapiga simu mara tatu kuulizia. Mara ya tatu Prosper akamwambia amepata kazi kubwa hotelini, hatatoka Arusha mpaka mwaka mpya. Majirani wa Sombetini, mtaa alioishi, wasingeukubali uongo huo, maana walimwona anashinda nyumbani. Hao akawaambia anasafiri kama kawaida.

Anneth, mkewe, alimuuliza kwa nini wasiseme tu kwamba mwaka huu hawana. Prosper alijibu kwamba hajui maneno hayo yanaanzia wapi.

Tarehe ishirini na mbili wakaaga. Mama Lesian, mjane wa Kiarusha aliyeuza maziwa nyumba ya pili, aliombwa awalishe kuku na kuangalia nyumba. Alikubali bila kuuliza atapewa nini. Prosper, Anneth, Rachel na mdogo wake Esther wakatoka na mabegi, wakashinda karakana. Jioni mvua ilipopiga na umeme ulipokatika, wakarudi wamelowa, wakaingia ndani na kutia komeo.

Kuanzia hapo Prosper hakutulia. Sebule ilikuwa hatua sita kwa nne, naye aliipima mpaka Anneth akamwomba akae. Alikaa, akainuka. Alichungulia pembeni mwa pazia, akarudi, akachungulia tena. Hawakuwasha redio. Hawakukaanga kitu, harufu isitoke nje. Walikula ndizi za kuchemsha na chumvi. Choo kilikuwa uani, kwa hiyo walikwenda alfajiri kabla majirani hawajaamka, kisha wakavumilia. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, wote wanne walinyamaza.

Alijaribu kusali. Alikuwa Mlutheri tangu utoto, sala hazikuwa ngeni kwake. Lakini kila alipofumba macho, sala iligeuka hesabu: godoro la bweni, sare mbili, madaftari, nauli. Alipofumbua macho hakukumbuka kama alishafika Amina.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi Mama Lesian aliingia uani kama jana yake. Walimsikia akiwamwagia kuku pumba, kisha akaanza kufagia, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Rachel alikaa sakafuni akitazama vidole vyake. Halafu simu ya yule mama ikalia, naye akaongea amesimama chini ya dirisha lao.

Aliyepiga alikuwa mwanawe, Lesian, ambaye alishatangulia kwa bibi yake Monduli.

"Mwambie bibi asinisubiri," walimsikia akisema. "Nimeachiwa nyumba ya watu. Wiki hii wezi wameingia nyumba mbili mtaa wa nyuma. Wenyewe wamekwenda kwao, wakirudi wakute imevunjwa, nitawaambia nini?" Akasikiliza kidogo. "Najua ananililia. Mwambie nitakuja wakirudi."

Fagio likaendelea.

Prosper alimtazama mkewe. Macho ya Anneth yalikuwa yamejaa machozi. Prosper akaenda mlangoni. Mkono wake ulikaa juu ya komeo muda mrefu. Alitaka kuomba akakosa la kuomba, isipokuwa kwamba amechoka, na Bwana anajua. Akalivuta.

Mama Lesian aliruka nyuma, fagio ameliinua. Alipomtambua, alilishusha polepole.

"Baba Rachel? Mmerudi lini?"

"Shikamoo, mama," Prosper alisema. "Hatukwenda. Tumo humu ndani tangu juzi."

Mama Lesian aliangalia nyuma yake, akamwona Anneth na watoto. Aliigeuza ndoo ya pumba, akaikalia.

"Mlikuwa mnanisikia?"

"Tulikuwa tunakusikia."

"Na jana, nilivyosafisha banda?"

"Na jana."

Prosper alimweleza yote: mashine, mbuzi, uongo wa Marangu na ule wa hotelini. Mama Lesian alisikiliza. Uso wake haukulegea.

"Kukosa hela siyo aibu," alisema mwishoni. "Lakini mimi nina mama, Baba Rachel. Ana miaka themanini na kitu, macho yameshakufa. Ungeniambia, ningekuwa kwake."

"Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Mama Lesian alikung'uta pumba kwenye kanga yake.

"Nimekusamehe," alisema akiinuka. "Hasira itaisha njiani."

Prosper alimbebea begi mpaka barabara kubwa, kwenye magari ya Monduli. Mtaa mzima ulikuwa nje. Kila aliyemwona alishangaa na kumuuliza kama hakusafiri. Wa kwanza alimjibu kwa shida: hakuwa na hela, amebaki. Wa nne alimjibu huku akitembea. Mama Lesian alikuwa anasikia, na alipopanda gari alimpa mkono.

Aliporudi alimpigia Hans. Hans akauliza kama hoteli nayo ni uongo. Prosper akasema ndiyo. Hans alisema kwa ukali kwamba angewaambia mapema wangechanga, sasa watoto wa Marangu wameahidiwa nyama. Akakata simu. Siku ile Prosper hakula vizuri.

Krismasi asubuhi walikwenda kanisani kwa miguu. Mlima Meru ulikuwa wazi hadi kileleni baada ya mvua. Benchi zilijaa, wakabanana nyuma. Mchungaji alipoongoza maungamo ya dhambi, Prosper alianza kuyasema kama alivyoyasema maisha yake yote, kwa mazoea. Katikati akasita. Safari hii alijua anaungama nini. Akamaliza kwa kunong'ona, na mchungaji akatamka ondoleo la dhambi.

Hakuona maono wala hakulia. Ilikuwa kama karakana mtu anapozima mashine ya kusagia vyuma, ndipo masikio yanagundua kelele ilivyokuwa kubwa. Wakati wa sadaka alitoa elfu moja, akajikuta hajahesabu zilizobaki. Waliposoma habari za wachungaji kondeni alisikiliza mpaka mwisho.

Mchana Hans alipiga tena. Alisema wamechanga, mbuzi amepatikana, kisha akampa simu mama yao. Mama alimgombeza kwa Kichaga muda mrefu, kwa uongo na kwa kumnyima wajukuu. Prosper aliitikia tu, bila kujitetea. Alipochoka, mama aliomba kuongea na Rachel.

Hela haikuongezeka. Tarehe ishirini na nane alimpata fundi aliyekubali kuisuka mashine na kulipwa kidogo kidogo, na Prosper alimwambia tangu mwanzo kwamba ana elfu hamsini tu. Usiku mwingine bado aliamka akihesabu. Rachel aliripoti shuleni wiki moja baada ya wenzake, akiwa na godoro la kuazima.