Nywele za Mwaka wa Mwisho

Hakuna kitu usoni pa binadamu kilichomtoa jasho mchoraji kama nywele. Pua huiweza hata mlevi. Macho yana ujanja wake, ukishaujua umeshaujua. Lakini nywele zina kiburi: ukizichora moja moja zinakuwa waya, ukizichora kwa mkupuo zinakuwa kofia. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akichora sura za watu kwenye kompyuta, mabwana harusi, wakurugenzi, watoto wasiotulia, na mpaka leo akifika kwenye nywele alitamani mteja awe na kipara.

Safari hii mteja alikuwa dada yake, kifungua mimba wao, na sura ilikuwa ya mama yao aliyefariki miezi minne iliyopita. Dada alitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni, kwenye nyumba ile ile alimomuuguza mama mpaka mwisho. Ndugu wote wangekuja kuiona Jumapili. Leo ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, na mwenye duka la kuchapisha alikuwa akifunga saa kumi na moja. Dada alikuwa ameshaikataa picha mara tano kwa simu. Mara ya sita akapanda basi, akaja mwenyewe.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya meza, mkoba mapajani, akaikodolea macho skrini.

"Uso ni wake," alisema. "Hata ile mikunjo ya mdomoni umeipata. Tatizo ni hilo wigi."

"Si wigi, dada. Nimezifuata zile za picha ya miaka mitatu nyuma, ile unayoipenda."

"Basi mrudishie mwenyewe, yule wa miaka mitatu nyuma. Uso huu ni wa mwaka jana."

Hapo dada alimshika pabaya. Uso kweli aliutoa kwenye simu za video za mwaka jana, maana hakuwa na picha nyingine mpya. Ana kwa ana hakuwa amemwona mama tangu aanze kuugua. Na kwenye simu zote hizo mama alikuwa amefunga kitambaa kichwani, ikambidi nywele azitafute kwingine. Lilikuwa kosa la kitoto, la kuunganisha kichwa kimoja kwa miaka miwili tofauti. Mwanafunzi wake angelifanya, angemcheka wiki nzima.

Akafuta nywele zote, akaanza upya. Kwanza giza lake kwa brashi pana, kisha mwanga pale unapoangukia, kisha mvi, na mwisho vile vinywele vichache vya ukorofi visivyokubali kulala. Kiganja kilimuuma mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amechoka uchovu ule wa kuchora kitu usichokijua huku ukijifanya unakijua.

"Nyingi mno," dada alisema.

Akapunguza.

"Bado nyingi."

Akapunguza tena, akaongeza mvi juu ya kipaji cha uso.

"Bado."

"Dada, nimechoka," alisema, na kalamu ya kompyuta akaitupa mezani. "Sema unachotaka nikichore. Mimi si mpiga ramli."

"Umechoka," dada alisema taratibu. "Wiki tatu tu za kuchora, umechoka."

Akaangalia mikono yake.

"Mimi nilichoka mwezi wa tisa, mwaka jana. Mama halali, na mimi silali. Nywele zilikuwa zimefungamana kisogoni kwa kulalia mto, nikitia kitana analia. Siku hiyo nilikuwa nimebadilisha mashuka mara nne. Nikachukua mkasi. Sikumuuliza. Nikazikata zote, vibaya, huku ngozi inaonekana, huku kichaka. Akapapasa kichwa chake, akanitazama, akageukia ukutani. Mimi nikatoka nje nikafua."

Mchoraji aliona hasira zikimpanda. Mama alizipenda nywele zake, alizitunza kuliko alivyotunza miguu yake iliyokuwa ikimuuma kila siku. Na leo anaambiwa zilinyofolewa kama manyoya ya kuku.

"Nichore hivyo?" aliuliza kwa ukali.

"Hivyo. Nyingine zote nikiziona nitajua nimekutuma unifichie nilichofanya."

Akaichukua kalamu kwa shingo upande. Nywele fupi ni mtihani, kwa sababu hakuna pa kujificha. Kila unywele unaonyesha ulipotokea kwenye ngozi. Ilibidi achore kwanza kichwa chenyewe, mifupa yake, kovu dogo juu ya sikio ambalo hakuwahi kujua kama lipo. Dada alimwelekeza kwa kidole: hapa fupi zaidi, hapa mkasi uliteleza, hapa zilianza kuota tena, laini, nyeupe tupu. Walifanya kazi hivyo saa moja na nusu, bila maneno mengi.

Alipovichora vinywele vya mwisho, wote wawili wakajivuta nyuma kutazama. Mama alikuwa amekaa pale kwenye skrini, mgonjwa, mdogo, akiwatazama.

"Huyo ndiye," dada alisema, na machozi yakamtoka bila kelele.

Lakini mchoraji hasira zilikuwa hazijamtoka.

"Mbona hukuniambia? Miezi yote ile napiga simu, mnamfunga kitambaa nisione. Ungeniambia ningekuja mara moja. Nywele za mama, dada, unawezaje tu..."

"Nilitaka nikwambie. Mama alinikataza."

"Kwa nini anikataze?"

Dada alijifuta uso kwa kiganja.

"Alisema, 'Mwache huyo. Akijua atakuja mbio, atakugombeza siku mbili, halafu atarudi kwenye kazi zake. Sisi tutabaki humu humu.'"

Mama alikuwa amemkadiria mchoraji siku mbili za kugombeza, na yeye alikuwa ameshazianza. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka moto.

Saa ilikuwa kumi na nusu. Akaiandaa picha aitume dukani, mkono wake ukasita.

"Jumapili ndugu watauliza nani alimkata hivi."

"Nitawaambia ni mimi," dada alisema.

"Waambie na mimi nilikuwa wapi," alisema, akaituma.