Sanduku la Wawili

Ukungu wa Tukuyu hauombi ruhusa. Unapanda kutoka mabondeni na mambo yake, unavuka barabara, unaingia kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Ibighi na kukaa kwenye kiti cha mteja kama mtu anayesubiri chaji. Siku hiyo ulikuja baada ya chakula cha mchana. Ulinikuta nimepakata simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nawaza jambo ambalo mtu mzima hawezi kuliombea kanisani akasikilizwa: ninunue sanduku gani.

Ngoja nieleze. Kuna gemu inaitwa Mabonde ya Majivu. Unatembea kwenye nchi ya moshi, unapiga mazimwi, na kila zimwi likianguka linamwaga vitu: sarafu, ramani, vito, mapanga, viatu. Kuokota ni bure. Pa kuweka ndipo penye bei. Wenye gemu wameisoma roho ya binadamu hadi ukurasa wa mwisho, wakakupa vitu vingi na kisanduku kidogo, halafu wakafungua duka la masanduku.

Nilikuwa na pointi za kutosha sanduku moja tu, na msimu wa gemu ulikuwa unafungwa jioni ile ile. Msimu ukishafungwa, masanduku ya bure yanakuwa ya kutoa tu. Unaweza kuchukua kilichomo, lakini huwezi kurudisha hata uzi. Aliyenunua la kwake anaendelea nalo msimu ujao.

"Chukua la sarafu," Yohane alisema. Yohane ni kinyozi, kibanda chake kimeegemea changu, na ukuta ni wa mbao zilizoachiana, kwa hiyo tunaongea kutwa bila kuonana. "Wataalamu wote mtandaoni wanasema hivyo. La sarafu kwanza, la ramani linafuata. Sarafu zikijipanga zenyewe unapumua, kaka."

"Na la wawili je?"

Mashine ya kunyolea ilinyamaza. "La wawili ni la mwisho kabisa. Hilo ni la wachumba na wajinga. Wewe uko kundi gani?"

"Nyoa mtoto wa watu, utamkata sikio."

"Ana jingine. Jibu swali."

Sanduku la wawili lina funguo mbili. Mwenzako anaweza kuingia wakati wowote akachukua chochote, bila kubisha hodi. Mwenzangu aliyekuwa akilitaka alikuwa Atupakisye.

Atupakisye anafanya kazi kiwanda cha chai, sehemu ya kukaushia, na kwao ni Lupepo. Alikuja mara ya kwanza na simu isiyoingiza chaji. Nikachokonoa tundu la waya, likatoa vumbi la chai ambalo ningeweza kulichemshia kikombe. Simu ilipowaka nikaona Mabonde ya Majivu, na katikati ya moshi amesimama mwanamke mnene ameshika rungu.

"Dada," nikamwambia, "huyu mama wa rungu anatafuta mume?"

"Anatafuta fundi anayefanya kazi kimya."

Basi, ndiyo ikawa mwanzo. Mhusika wangu ni mpiga upinde, mwepesi na mwoga kama mimi mwenyewe. Wa Atupakisye, na rungu lake, ndiye anayetangulia. Tukawa tunaweka vitu kwenye sanduku la pamoja la bure, lile la msimu. Na hapo ndipo tulipoiharibu gemu, maana sisi watu wa huku hatujui kumrudishia mtu kikapu kitupu. Jirani akikuletea ndizi, kikapu kinarudi na maharage, au hata yai moja. Kwa hiyo Atupakisye akichukua ngao yangu, anaacha kito. Nikichukua kito, naacha viatu. Akichukua viatu, anaacha karatasi ya uchawi. Sanduku likajaa mabaki ya adabu: viatu vya mguu mmoja, kofia zilizotoboka, meno ya mazimwi ambayo hata muuza duka wa kwenye gemu anayakataa. Yohane alipoliona alicheka mpaka akaketi kwenye kiti cha wateja wake.

"Hili siyo ghala," alisema. "Huu ni mnada wa mitumba!"

Acheke tu. Kwangu ilikuwa zaidi ya mchezo, maana kulikuwa na kikapu kingine, cha kweli. Atupakisye alikuwa ameniletea ndizi za kupika kutoka shamba la mama yake. Ndizi nikazila, kikapu kikabaki kwenye msumari juu ya meza yangu. Kila nilichofikiria kukijazia kilionekana kidogo. Na kukirudisha ilikuwa ni kwenda Lupepo, kukaribishwa ndani, kuulizwa na mama wa mtu mimi ni nani. Kikapu kikaendelea kukaa. Buibui mmoja akaanza kukitazama kama kiwanja.

Jana yake Atupakisye alipita akitoka kazini, nguo zinanukia majani makavu.

"Fundi, kesho msimu unafungwa. Vitu vyetu tunaviweka wapi?"

"Tutaona."

Alikitazama kikapu, akanitazama mimi. "Haya, ona. Mimi sitauliza tena." Akaondoka, na ukungu ukamfungia mlango nyuma yake.

Nilijua kabisa alichokuwa anauliza. Kilichonifunga mdomo kilikuwa na jina: Lugano, shemeji yangu. Zamani mimi na yeye tulifanya biashara ya parachichi. Tulikodi ghala, kila mtu na ufunguo wake, tukacheka, tukashikana mikono. Asubuhi moja nikafungua nikakuta sakafu inang'aa. Amelifagia! Mwizi gani huyo anakumbuka ufagio? Hata tunda moja bovu hakuacha. Angeacha moja tu, ningelila kwa chumvi nikamsamehe. Tangu hapo sijagusa parachichi, na kila nilicho nacho nakiweka pale ambapo ufunguo ni mmoja na unalala mfukoni mwangu.

Sasa ukungu ulikuwa umejaa kibandani, mashine ya Yohane inavuma kama nyuki wa mbali, na sijui ni wakati gani nilisinzia.

Nilikuwa kando ya ziwa Kisiba, lakini maji yalikuwa na rangi ya chai. Masanduku yalikuwa yanaelea, vifuniko wazi, yakizunguka polepole kama watu wanaotafuta pa kukaa. La sarafu lilipita likijihesabu lenyewe kwa sauti ya kujisifu. La ramani lilipita, na ndani yake niliona barabara ya Lupepo imekunjwa vizuri kama kitenge. Lugano alipita amekaa kwenye ufagio wake, akanipungia mkono, hana hata haya. Mwisho likaja sanduku kuukuu, zito, limezama nusu, na juu yake mwanamke wa rungu amesimama kimya. Nikamuuliza kuna nini humo. Akasema, "Nishike mkono kwanza." Nikanyoosha mkono, nao ukawa mfupi. Nikaunyoosha tena.

Nikaamka nimeangusha bisibisi.

Kwa ule usingizi uliobaki machoni nikafungua sanduku letu. Lilikuwa limefagiwa. Viatu hakuna, kofia hakuna, vito vyote vimeondoka. Kifua kikapoa kana kwamba ukungu umepata mlango mwingine wa kuingilia.

"Yohane," nikasema. "Amechukua vyote."

Akasogea kwenye ufa wa mbao. Halafu, kwa upole ambao siyo wake, "Pole, kaka. Nunua la sarafu."

Nikaenda dukani kwenye gemu. Kidole kilikuwa tayari juu ya la sarafu. Sijui nini kilinirudisha. Labda ni ugonjwa wangu wa kukagua vidonda. Nikafungua tena lile tupu, nikalisogeza hadi chini, kwenye kona kabisa. Kulikuwa na kitu kimoja.

Jino la zimwi.

Halina kazi. Halina mnunuzi. Mtu anayekukimbia haachi jino. Anayeacha jino ni yule aliyechukua kwako, na mkono wake ukakataa kuondoka kabla ya kuacha kitu.

Nikamtafuta ndani ya gemu. Nikapita sokoni, nikapita kisimani, nikamkuta kwenye lango la mji, moshi unampita miguuni. Mwanamke wa rungu, bila rungu. Juu ya kichwa chake kulikuwa na ile alama nyekundu ya mtu aliyezidiwa mzigo.

Nikaandika: "Atu, unafanya nini hapo?"

Jibu likaja haraka. "Nimejitwisha."

"Vyote?"

"Vyote. Rungu nimelitupa ili viatu vyako vibovu vienee. Siwezi kutembea, siwezi kupigana, mazimwi yananichungulia. Niko mapumzikoni hapa kiwandani na msimamizi anakuja. Unanitua au hunitui?"

Nani hapa kwetu amewahi kumkuta mwanamke na mzigo kichwani akaanza kwanza kumhoji? Unamtua. Maneno baadaye.

Nikabonyeza sanduku la wawili. Kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikakwama. Ukungu ulikuwa umemeza mtandao. Nikatoka mbio hadi katikati ya barabara, simu juu kama mtu anayemwonyesha Mungu risiti. Yohane akatoka. Nyuma yake akatoka mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, kitambaa shingoni.

"Umenunua lipi?" Yohane akauliza.

"Shika mkono wangu, uusukume juu!"

Akausukuma. Mteja naye akausukuma, bila kujua ni kwa ajili ya nini. Tukasimama hivyo, watu wazima watatu katikati ya weupe, hakuna mlima wala duka wala mbingu, mpaka simu ikatetemeka. Sanduku likafunguka. Likauliza jina la mwenye ufunguo wa pili, nikaliandika herufi kwa herufi: Atupakisye.

Halafu vitu vikaanza kutua. Kiatu. Kofia iliyotoboka. Kito. Kiatu kingine. Vilishuka taratibu, kimoja baada ya kingine, kama mvua inayoanza, na kila kimoja nilikifahamu. Alama nyekundu ikafifia, ikazimika.

"Ndaga fijo," aliandika. Asante sana, kwa lugha ya nyumbani. "Shingo ilikuwa inakatika."

"Na sarafu zako?" Yohane akaniuliza. "Utaziweka wapi, mjinga wewe?"

"Nitazishika mkononi. Kwani hujui niko kundi gani?"

Nikarudi kibandani, nikamwomba radhi buibui, nikakishusha kikapu. Mama mmoja alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara na ndoo yake ya parachichi, amejifunika kanga dhidi ya manyunyu. Nikachagua zile zilizoiva kiasi cha kufika Lupepo bila kupondeka. Zilikuwa chache, hazikufika hata nusu ya kikapu. Nikafunga kibanda, nikaanza kutembea kuelekea upande ambao, ukungu usingekuwepo, ningeiona barabara.