Karatasi ya Majina Ishirini

Mwaka 2007 ulipokuwa ukiisha, Kavindu, muuguzi wa hospisi ndogo ya Kawangware, alikuwa akipanga utafiti. Alitaka kujua kama wagonjwa wasiotarajiwa kupona wangekubali kufundishwa, kwa lugha na desturi zao, namna ya kutuliza maumivu na namna ya kuwaaga watu wao. Yeye na Batul, mama wa Kinubi aliyejitolea kuwatembelea wagonjwa wa mtaa wa Kibera, Nairobi, waliandika majina ishirini: nyumba, ugonjwa, dini, kabila. Kila kabila lingekuwa na darasa lake.

Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na Kibera ikawaka, makabila yakageukiana.

Mwisho wa Januari, njia zilipofunguka kidogo, Kavindu alifika kwa Batul, huko Kibera. Aliketi, akatoa ile karatasi.

Batul alishtuka. "Umepita nayo Laini Saba?"

"Nimepita."

"Na vijana wa vizuizini wangekusimamisha? Kavindu, hapa tumewaandikia mlango wa kila mtu na kabila lake!"

Kavindu alijua angepaswa kuogopa. Hofu haikuja. Tangu matokeo yale hakuna kilichokuja. Alikula bila njaa, akazika wagonjwa wake bila machozi.

"Tukate hiyo safu ya kabila," alisema.

"Hata jina linatosha kuonyesha kabila," Batul alijibu.

Wakayakariri majina yote, kisha Batul akaitia karatasi kwenye moto wa jiko. Walipopiga hesabu, sita walikuwa wamekufa, tisa hawakujulikana waliko. Wakabaki watano.

Mmoja wao alikuwa Mzee Mbuvi, seremala mwenye saratani ya mifupa. Kavindu alimkuta mtaa wa Gatina, kwa dada yake, amelazwa kwenye godoro karibu na mlango.

"Wewe ndiye ulitaka kutufundisha kufa," mzee alisema.

"Kupunguza uchungu, mzee."

"Haya, uliza maswali yako."

"Darasa la Wakamba likifanyika hapa kwa dada yako, utakaa?"

"Na Phanuel?"

"Phanuel ni nani?"

"Jirani yangu wa Laini Saba. Si Mkamba. Walipokuja kuchoma alinibeba mgongoni mpaka kwa reli, halafu akarudi ndani kuchukua dawa yangu. Yeye ndiye anajua kipimo. Sasa nifundishwe, yeye akae nje?"

Jioni hiyo Kavindu aliufuta mpango wa madarasa ya makabila, akaandika upya: kila mgonjwa aje na mtu anayemchagua mwenyewe, na aseme anataka kufundishwa kwa lugha gani.

Darasa la kwanza lilifanyika Machi, uani kwa Batul, baada ya viongozi kutia sahihi mkataba wa amani. Wagonjwa walikuja wawili tu. Mzee Mbuvi alikuwa amezikwa Machakos wiki mbili kabla. Kavindu alizisikia habari hizo akiwa anafua nguo, akaendelea kufua.

Lakini Phanuel alikuja, peke yake, amevaa koti la kanisani.

"Mzee aliniambia nikuje," alisema.

Kavindu alimwonyesha benchi. Alianza kufundisha jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani, Batul akiwa amelala mkekani kama mfano. Alimshika Batul kiunoni ili amgeuze.

"Hapana, sista," Phanuel alisema, akainuka. "Mifupa ikiwa inauma hivyo, unaanza na bega. Pole pole. Na unamwambia kwanza."

Kavindu alisogea kando, akamwachia nafasi.